Kinyozi wa Vifuniko

Sehemu ya Tisa

"Hapana."

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, msomaji, na najua wapo waliolitupa gazeti chini kwa hasira. Liokoteni. Mambo hayajaharibika bado, yataharibika sasa hivi.

Mkaguzi kutoka makao makuu, mwenye hiyo "hapana", alikuwa amekishika kifuniko cha kwanza cha Mjomba kwa vidole viwili. Ni mama wa makamo, miwani yake ina kamba, na lugha yetu huisema neno moja moja kama mtu anayehesabu mayai. Alikibana kifuniko kwenye taya za ile rula ya chuma ambayo mafundi huiita venia, akasoma, akakibandika kibandiko chekundu. Juu ya kibandiko akatia sahihi, sahihi kubwa yenye mkia uliojikunja mara mbili.

Akachukua cha pili. Kibandiko. Cha tatu. Kibandiko. Vilipofika kumi na viwili, meza nzima ilikuwa nyekundu.

"Mchoro unasema mdomo wa kifuniko uwe milimita themanini na mbili na nusu," akasema. "Hivi vyote ni themanini na mbili. Vidogo."

"Nusu milimita, mama," Mjomba akasema.

"Nusu milimita."

Mjomba alikuwa amevaa shati lake la kwendea harusini. Jasho lilikuwa limeshalichora ramani mgongoni. "Mimi nayeyusha vyuma tangu sijaota ndevu," akasema. "Kifunge hicho kifuniko kwenye pampu uone. Kifunge tu, basi."

"Kisichofuata mchoro hakifungwi. Ndiyo sheria."

"Na hiyo sheria imewahi kuvuta maji?"

Mkaguzi alitazama saa yake. "Naondoka kesho saa nane mchana. Ukiniletea vifuniko vilivyofuata mchoro kabla ya hapo, nitavipima. Usipoleta, ripoti yangu itasema hapa hawawezi."

Pembeni ya meza, Kinyozi alikuwa anaangalia viatu vyake. Yeye peke yake chumbani mle alijua kwamba vifuniko vya Mjomba vilikuwa sahihi kabisa. Alijua pia kwamba akifungua mdomo kusema hivyo, kesho hana kazi.

Kwa aliyejiunga nasi leo, chukua kiti nikusimulie upesi. Kinyozi ni mfanyakazi wa kiwanda cha pampu za maji, mjane, mama wa watoto watatu, na Mjomba ni mjomba wake wa damu. Wenye kiwanda wanakaa mbali, ng'ambo ya bahari, na wengi hapa hawajawahi kuwaona uso. Lakini tusiwe wezi wa fadhila. Walipofungua geti lile miaka sita iliyopita, mji huu ulikuwa umelala. Leo maboksi ya pampu wanatengeneza akina mama wa nyuma ya shule, mipira ya kuzuia maji anakata jamaa mmoja aliyekuwa akiziba pancha, na geti lenyewe huamsha watu mia mbili kila asubuhi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Walipona wengi.

Kifuniko ndicho kitu kikubwa kilichobaki kuletwa na kontena. Wenyewe wakasema: akipatikana fundi wa hapa wa kukitengeneza, tutanunua kwake. Mjomba alikuwa na vijana sita. Akipata kazi hiyo, atahitaji arobaini.

Sasa sikia siri.

Kontena la kwanza lilipofunguliwa, vifuniko havikuingia kwenye pampu. Midomo yake ilikuwa mikubwa kwa nusu milimita. Badala ya kusema, watu wa laini, wanaofunga pampu, walichukua tupa wakavisugua midomo kimyakimya, kimoja kimoja, mpaka vikaingia. Wakaita kazi hiyo kunyoa. Kifuniko hupimwa kikitoka kwenye kontena tu, kikishafungwa hakipimwi tena, kwa hiyo hakuna aliyegundua. Na mwenye mkono mwepesi kuliko wote alikuwa huyu mama, ndiyo maana akaitwa Kinyozi. Meneja alidhani ananyoa watu jioni. Siku moja alimwomba ampunguze nywele, naye, afanyeje, akampunguza.

Mjomba alipopewa mchoro, alimwendea mpwa wake. "Niazime na pampu yenyewe niione." Kinyozi akampelekea pampu kutoka kwenye laini. Ilikuwa na kifuniko kilichonyolewa kwa mkono wake mwenyewe, na alivyozoea kunyoa, hakukumbuka hata kidogo. Mjomba akaona karatasi inasema hivi na kitu kinasema vile. Akakiamini kitu.

Mmeelewa sasa kwa nini alikuwa anaangalia viatu?

* * *

Saa ya chakula Kinyozi alimfuata msimamizi wa laini nyuma ya rundo la maboksi. Wafanyakazi humwita Mkongwe. Ndiye aliyemwombea Kinyozi kazi mwezi ule alipofiwa, na picha yake iko ukutani pale mlangoni, msimamizi bora, miaka mitatu mfululizo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Najua ulichokuja nacho. Kirudishe ulikokitoa."

"Tumwambie yule mama, baba. Kosa liko kwenye mchoro."

"Tumwambie nini? Kwamba miaka sita tunasugua vifaa vyake?" Mkongwe alionyesha ukuta kwa kidevu. Maandishi yalikuwa meusi na makubwa: NI MARUFUKU KUBADILISHA KIFAA CHOCHOTE. ATAKAYEBADILISHA ATAFUKUZWA SIKU HIYO HIYO. "Lile tangazo lilibandikwa kabla yako. Nilikuwa nimesimama chini yake siku ya kwanza, tupa mkononi."

"Kwa nini hukusema siku ile?"

Mkongwe alishusha pumzi. "Wenyewe walikuwa wamekaa pale ukumbini na suti zao, wanasubiri kuona pampu ya kwanza. Mgeni amekuja kukuletea kazi, unamsimamisha mbele za watu umwambie amekosea? Mgeni akikupa shati limechanika, unalishona usiku, asubuhi unalivaa unasema asante. Nilidhani ni kontena moja. Likaja la pili."

"Na pampu zinazovuja?"

Hilo lilimchoma, na lilistahili kumchoma. Wasomaji wa sehemu ya sita mnaikumbuka ile barua. Pampu za hapa zinavuja kuliko za viwanda vingine, ilisema, na makao makuu wanadhani mikono ya hapa ni mizito. Wanafikiria kuleta pampu zimeshafungwa kabisa. Patabaki ghala na mlinzi. Bila shaka zinavuja, msomaji. Jaribu wewe kunyoa duara kwa tupa mara elfu moja bila kukosea hata mara moja.

"Tunajichimbia kaburi wenyewe," Kinyozi akasema.

"Sikiliza, binti yangu. Dawa ni rahisi. Mjomba wako afuate mchoro. Atengeneze vikubwa kama vya kontena. Mkaguzi atapima, atafurahi, ataondoka. Mjomba atapata kazi, sisi tutaendelea kunyoa. Nimebakiza miezi minane nistaafu. Usimwage mtama penye kuku wengi."

"Atengeneze vibaya ili mimi nivirekebishe?"

"Ndiyo."

"Mpaka lini?"

Mkongwe alikunja karatasi ya mkate wake mara nne, akaitia mfukoni, akarudi kazini.

Kinyozi alibaki pale akilia bila sauti. Alimpenda yule mzee, na alimchukia, vyote kwa pamoja, na kengele ikalia kabla hajajua kipi kimezidi.

* * *

Karakana ya Mjomba iko ng'ambo ya barabara, ukuta mmoja na muuza mbao. Kazi ya mchana ilipokwisha Kinyozi alimkuta ameketi kwenye gunia la mkaa, shati la harusi limetundikwa msumarini.

Ndani ya mlango Mjomba alikuwa ameandika kwa chaki watu aliowaahidi kazi. Binti wa fundi viatu. Yule kiziwi wa kisimani. Mapacha, wote wawili. Mwenye mguu mmoja, atakayefanya kazi ya kukereza. Orodha ilishuka mpaka karibu na sakafu. Na sakafu nusu ilikuwa saruji mbichi, ya tanuri la pili.

Ukutani juu ya tanuri vilining'inia vyombo vya ajabu ajabu: mguu wa cherehani, kengele, kishikio cha mlango. Kila kalibu mpya ya Mjomba ya kumiminia chuma, kitu cha kwanza kutoka hakiuzwi wala hakirudishwi motoni. Hutundikwa. Babake alifanya hivyo, naye anafanya hivyo, na ukimuuliza sababu anakuuliza wewe una haraka ya nini.

Kinyozi alimwambia yote. Hakuficha tupa, wala Mkongwe, wala kwamba yeye ndiye aliyempelekea pampu ile.

Nilitarajia Mjomba angefoka, maana mnamjua. Hakufoka.

"Kwa hiyo nilikuwa sawa," akasema.

"Ulikuwa sawa, mjomba."

"Na nitapata kazi nikikosea."

"Ndiyo."

Mjomba aliinuka akautazama mlango wenye chaki. Aliusoma wote kwa midomo, jina baada ya jina. Kisha akawaita vijana wake. "Pulizeni moto."

"Mjomba."

"Unataka nimwambie kiziwi nini? Kwamba nilikuwa sawa? Atakula usawa wangu?" Alilivuta sanduku la vifuniko vyekundu kwa mguu. "Alumini yangu yote iliyobaki ni hii hapa. Kalibu ni ile ile, nitaipanua nusu milimita tu. Sogea."

Vikaingia kwenye tanuri kimoja kimoja, vibandiko vikiwaka kwanza, halafu mdomo, halafu chote. Vifuniko kumi na viwili vilivyokuwa sahihi. Kinyozi aliona vikilainika na kulala, akahisi kama anazika mtu.

* * *

Saa mbili asubuhi, Mkaguzi alipima vifuniko vipya. Themanini na mbili na nusu. Themanini na mbili na nusu. Vibandiko vilikuwa vya kijani safari hii, na ile sahihi yenye mkia ikajikunja mara kumi na mbili.

"Fundi," akamwambia Mjomba, "kwa siku moja. Hongera."

Watu wakapumua. Meneja alimpa Mjomba mkono. Mkongwe, kule mlangoni chini ya picha yake, alimkonyeza Kinyozi. Mjomba alitabasamu kwa meno, macho yakakataa.

Mngedhani yameisha. Na mimi ningedhani, kama nisingemwona Mkaguzi anavua miwani na kuifuta.

"Kitu kimoja," akasema. "Jana fundi aliniambia, kifunge uone. Nimelala na maneno yake. Miaka ishirini napima, sijawahi kufunga. Leo nataka kuona." Akageuka. "Wewe, mama. Wanasema una mkono mzuri. Funga kimoja hapa mbele yangu."

Alikuwa anamtazama Kinyozi.

Wakaleta pampu. Kinyozi aliusikia mkojo ukimbana kama mtoto wa shule. Alikishika kifuniko cha kijani, akakiweka juu ya mdomo wa pampu, akakisukuma. Hakikuingia. Akakizungusha, akasukuma tena.

"Labda uchafu," Mkongwe akasema haraka. "Aende nacho laini, dakika tano tu."

"Abaki hapa," akasema Mkaguzi. Akachukua cha pili mwenyewe, akajaribu. Hakikuingia. Akajaribu cha tatu. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: akatembea mpaka kwenye sanduku la kontena, lile la ng'ambo, la kwao, akatoa kifuniko chenye karatasi yake bado, akakileta mezani, akakisukuma kwa viganja viwili mpaka shingo ikamtoka mishipa.

Hakikuingia.

Mkaguzi alikiachia kifuniko, akafuta viganja kwenye sketi.

"Miaka sita," Mkaguzi akasema polepole. "Mmefunga maelfu. Vipi?"

Mkongwe alimtazama Kinyozi. Macho yalikuwa yanaomba, na yalikuwa macho ya mtu aliyemshika mkono siku alipokuwa hana mtu. Mjomba alimtazama pia, halafu akaangalia pembeni ili asimlazimishe. Mapenzi ya namna hiyo huniumiza mimi, sijui ninyi.

Kinyozi alitia mkono kwenye mfuko wa aproni. Akatoa tupa, mpini wake umeng'aa kwa miaka ya jasho, akailaza mezani.

"Tunavinyoa, mama," akasema. "Mimi ndiye ninayenyoa. Mchoro wenu una kosa. Tuliona aibu kuwaambia."

"Aibu ya nani?"

"Yenu. Tuliibeba sisi."

Mkaguzi aliigusa tupa kwa kidole. "Na vifuniko vya jana? Vile nilivyokataa?"

"Vile vilikuwa vinaingia bila kunyolewa. Mjomba aliwapatia kifuniko kizuri kuliko mchoro wenu."

"Nileteeni kimoja. Nikikiona kinaingia, nitaandika hivyo. Nisipokiona, nina tupa tu, na tupa inafukuzisha watu."

Mjomba alikaa chini, palepale sakafuni, na suruali yake nzuri. "Nimeviyeyusha," akasema. "Vyote. Ndivyo hivyo ulivyobandika kijani."

Hapo, msomaji, hata mimi nilikata tamaa. Lakini Kinyozi alikuwa ameshaanza kukimbia.

Alipita geti, akavuka barabara bila kuangalia, akaingia karakanani akiwa na kiatu kimoja. Ukutani juu ya tanuri: mguu wa cherehani, kengele, kishikio cha mlango. Na mwisho kabisa, kwenye msumari mpya, kifuniko cha kumi na tatu. Cha kwanza kutoka kwenye kalibu, kabla haijapanuliwa. Hakiuzwi, hakirudishwi motoni.

Alirudi amekikumbatia kifuani. Hakukiweka mikononi mwa mtu, alikipeleka mwenyewe kwenye pampu. Kikashuka taratibu, kikakaa. Hakukisukuma.

Mjomba alifuta uso kwa mkono wa shati. Hakuna aliyemcheka.

* * *

Mkaguzi alikitoa, akakirudisha. Akakitoa tena, akakirudisha, mara tano. Kisha akaukunjua mchoro mezani, ule wa asili, karatasi yenye manjano pembeni, akaufuata kwa kidole kutoka kwenye kipimo mpaka kwenye kona ya chini.

Kidole kikasimama.

Kinyozi alikuwa karibu naye kuliko wote, ndiyo maana aliona. Kwenye kona kulikuwa na sahihi ya aliyechora. Kubwa, yenye mkia uliojikunja mara mbili.

"Tokeni wote," Mkaguzi akasema. "Huyu mama abaki."

Meneja alitaka kuuliza, akaona uso wake, akatoka. Mkongwe alitoka mgongo umepinda. Mjomba alitoka wa mwisho. Mkaguzi akafunga mlango kwa ufunguo.

"Umeona," akasema.

"Nimeona, mama."

"Mwingine ameona?"

"Sijui."

Mkaguzi alikaa. Bila miwani alionekana mtu wa kawaida tu, mtu aliyechoka. Alivuta fomu kutoka kwenye jalada lake akaisukuma mbele ya Kinyozi, na juu yake akaweka kalamu.

"Fomu hii inakwenda makao makuu. Mstari huu ni wa jina la aliyesababisha kosa. Ni mstari mmoja. Jina moja. Nimeijaza mara nyingi sana, za watu wengine. Leo mkono wangu haukubali." Akaigusa kalamu kwa kidole. "Andika wewe."

Kinyozi alifikiria jina lake mwenyewe, na watoto watatu mezani. Alifikiria jina la Mkongwe, na ile picha ikishushwa ukutani. Jina la tatu lilikuwa limekaa mbele yake, na ndilo lililoshika ripoti, kalamu, na kazi ya watu arobaini walioandikwa kwa chaki.

Aliinama. Aliandika pole, akitazama mchoro na kurudi kwenye fomu, akinakili herufi kwa herufi kama mtoto anayejifunza, mpaka na ule mkia uliojikunja mara mbili.

Akaigeuza karatasi.

Mkaguzi alisoma. Aliikunja fomu, akaitia kwenye begi lake la safari. Akachukua tupa, nayo akaitia. Kisha akanyoosha mkono mpaka kwenye pampu, akakichomoa kifuniko cha Mjomba, kile kimoja tu kilichobaki duniani, akakifunga kwenye kitambaa, akakilaza juu ya tupa.

Akavuta zipu mpaka mwisho.

"Mama," Kinyozi akasema, "hicho hakina mwenzake."

"Najua," akasema Mkaguzi, na akaanza kuvaa koti lake.